Mfalme Mlangoni pa Kanisa

Mimi ni muuguzi, na baada ya saa za kazi nasaidia katika kikundi cha akina mama cha kanisa letu hapa Bariadi. Safari nitakayowasimulia ilikuwa ya siku mbili tu, kutoka Bariadi hadi Bukumbi, upande wa pili wa jiji la Mwanza. Tulikwenda kuona mahali Injili ilipoingilia Usukumani. Lakini kwangu mimi safari hiyo ilianza wiki moja kabla, katika kikao cha kamati ya ujenzi, na sababu yake ilikuwa kiti.

Kuta za kanisa letu jipya zilikwisha kusimama, ila paa hatukuwa nalo. Ndipo bwana mmoja mwenye mali, mtu wa pamba na ng'ombe, akaahidi kutupatia bati 120. Kamati ilifurahi mno. Mjumbe mmoja akatoa shauri kwamba siku ya harambee bwana huyo awekewe kiti cha heshima mbele kabisa, kando ya mchungaji, na kwamba baada ya hapo kiti hicho kiwe chake kila Jumapili. Wote wakaitikia. Mimi nilinyamaza.

Nilinyamaza kwa sababu siku nne kabla, mke wa bwana huyo alikuwa amekaa mbele yangu katika chumba cha vidonda. Alisema ameanguka na ndoo ya maji. Nimefanya kazi hii miaka mingi, na mtu aliyeanguka na ndoo haumii mahali pale alipoumia yeye. Nilimsafisha, nikamfunga, nikamweleza habari za fomu ya PF3 na dawati la jinsia na watoto la polisi. Akanishika mkono, akaniomba nisimwambie mtu. Kiapo cha kazi yangu kilikuwa kimekwisha kunifunga hata kabla hajaomba. Basi pale kwenye kikao nilikuwa na neno moyoni, na sikuwa na ruhusa ya kulitamka.

(Msomaji asiwe na wasiwasi. Mama huyo ameniruhusu kuandika haya, na baadhi ya mambo nimeyabadilisha ili asitambulike.)

Katika hali hiyo mchungaji akanipa kitabu kinene cha historia ya Kanisa, nijiandae kuwaeleza wenzangu safarini. Usiku niliposoma nilishangaa. Nilidhani nitasoma habari za mapadre na wahubiri. Kumbe nusu ya kitabu ilikuwa habari za wafalme, na swali lilikuwa lile lile la kamati yetu: mwenye nguvu akija kanisani, akae wapi?

NASSA, UFUKONI MWA ZIWA

Tuliondoka alfajiri, akina mama 14 ndani ya basi dogo. Kutoka Bariadi hadi Lamadi ni lami, kilomita kama 70. Asubuhi ile mbuga nyeusi zilikuwa na umande, minyaa imezunguka miji, na watoto walikuwa wakipeleka ng'ombe malishoni. Lamadi ndipo tunapokutana na barabara kuu itokayo Musoma kwenda Mwanza. Ukigeuka kulia unaliendea geti la Ndabaka la hifadhi ya Serengeti. Sisi tuligeuka kushoto, tukapita Nyashimo, makao makuu ya Wilaya ya Busega, na kufika Nassa.

Nassa ipo kwenye Ghuba ya Speke, na maji yake asubuhi ni kama bati jipya. Watu wengi wa mkoa wetu hawajui kwamba hapa ni miongoni mwa mahali pa kwanza Usukumani kusikia Injili. Wamisionari wa Kianglikana wa CMS walikuwa na kituo hapa kabla ya karne ya 19 kwisha, na mwaka 1909 walikikabidhi kwa Africa Inland Mission. Kwa mbegu hiyo likaota kanisa la AIC, ambalo leo limeenea nchi nzima.

Mzee mmoja mwenyeji alitukaribisha. "Mwangaluka, bamayu," akasema, nasi tukaitikia. Akatukumbusha kwamba siku zile hakuna mgeni aliyejenga hata kibanda bila idhini ya mtemi. Usukuma ilikuwa na watemi wengi: Nassa ilikuwa na wake, Ntuzu yetu ya Bariadi ilikuwa na wake, Kanadi na Itilima hali kadhalika. Neno mtemi wazee hulieleza kwa kitenzi kutema, maana yake kukata. Mtemi ni uzao wa yule aliyekata msitu wa kwanza, tena ndiye mkata mashauri. Mvua ilikuwa juu yake. Mvua ikikataa, watu walimtazama yeye.

"Kwa hiyo," akasema mzee, "mmisionari alipofika alikuwa na mambo mawili. Alimhitaji mtemi ili apate ardhi. Tena alitakiwa kumwambia mtemi kwamba naye ni mwenye dhambi."

Hapo mama mmoja wa kikundi chetu, mjane wa miaka 70 na zaidi, akauliza, "Na wake zake je?" Tukacheka, lakini yeye hakucheka. Misheni nyingi zilimtaka mwanamume mwenye wake wengi abaki na mmoja ndipo abatizwe, na watemi walikuwa na wake wengi. "Hao walioachwa," akasema, "nani aliwauliza? Walikwenda wapi na watoto wao?" Mzee alikaa kimya kitambo, kisha akasema kwamba hilo ni swali la haki. Na mimi nakubali. Kanisa lilitaka jambo jema, ndoa ya mume mmoja na mke mmoja, lakini mara nyingi gharama yake ililipwa na mwanamke ambaye jina lake halikuandikwa popote.

MALKIA MFUNGWA

Ndani ya basi, tukielekea Magu, nikawasimulia habari niliyosoma usiku.

Mwaka 1193 mfalme Philip wa Pili wa Ufaransa alimwoa Ingeborg, binti wa mfalme wa Denmark. Kesho yake akamkataa. Sababu yenyewe haijulikani hadi leo. Maaskofu wa nchi yake wakampa alichotaka, wakaivunja ndoa. Binti yule alikuwa na miaka kama 18, hakukijua Kifaransa, hakuwa na ndugu karibu. Lakini alikataa kurudi kwao, akakata rufaa Roma. Mfalme akamfungia, kisha akaoa mwingine.

Mwaka 1198 Innocent wa Tatu akawa Papa, naye akasema ndoa ya Ingeborg ni ndoa. Mfalme alipokaidi, mwaka 1200 Papa akafunga ibada katika nchi yake kwa miezi kadhaa. Kengele zikanyamaza, watu wakazikwa bila misa. Mfalme akalegea kwa maneno, lakini Ingeborg aliendelea kuwa mfungwa miaka mingi. Mwaka 1213 ndipo aliporudishiwa heshima yake ya umalkia. Ilikuwa miaka 20 tangu harusi.

"Kwa hiyo Kanisa lilimtetea," akasema dereva wetu, ambaye alikuwa akisikiliza kuliko sisi.

"Lilimtetea," nikajibu, "lakini angalieni. Maaskofu waliokuwa karibu na mfalme, waliokula mezani pake, ndio waliomwacha. Aliyemtetea alikuwa mbali."

Mambo haya hayakuwa ya Ulaya peke yake. Ethiopia ilikuwa na wafalme Wakristo karne nyingi kabla yetu. Makanisa 11 ya Lalibela yaliyochongwa ndani ya mwamba yanabeba jina la mmoja wao. Mwingine, Amda Seyon, aliyetawala tangu 1314 hadi 1344, alikemewa na watawa kwa ajili ya wanawake aliowachukua kinyume cha sheria ya Kanisa. Akaamuru watawa wachapwe viboko na kufukuzwa. Wale watawa wakaenda mbali, na huko walikofukuziwa wakahubiri.

BUJORA, KITI NA NGOMA

Mchana tulifika Kisesa, tukapanda hadi Bujora. Padre David Clement, mzaliwa wa Kanada, alianzisha hapa makumbusho ya Wasukuma. Kuna jengo lenye umbo la kiti cha mtemi, na ndani yake zimehifadhiwa ngoma za watemi. Tulizigusa kwa macho tu. Mwezi wa Juni, karibu na sikukuu ya Ekaristi, watu hujaa hapa kwa ngoma za Bulabo, Bagika na Bagalu wakishindana.

Nilisimama mbele ya zile ngoma muda mrefu. Mamlaka ya watemi yalifutwa kisheria mwaka 1963, na ngoma zimebaki makumbusho. Wafalme wa kale wa Ulaya walipakwa mafuta na maaskofu. Karolo Mkuu alivikwa taji na Papa Leo wa Tatu siku ya Krismasi mwaka 800. Tangu siku ile kukawa na ugomvi: aliyemvika mwenzake taji ndiye mkubwa, au aliyevikwa? Mfalme alimhitaji askofu ili watu wamheshimu. Askofu alimhitaji mfalme kwa ardhi, ulinzi na majengo. Naam, na majengo. Nikazikumbuka bati 120.

BUKUMBI

Tulilala Mwanza, na asubuhi tukashika barabara ya Usagara, kisha ile iendayo Kigongo, mpaka Bukumbi. Mapadre wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, ambao watu wengi huwaita Mapadre Weupe, walifungua misheni hapa mwaka 1883. Hapa ndipo nilipotaka kufika, kwa sababu ya mtu mmoja. Mtu huyo ni Mwanga, Kabaka wa Buganda.

Wengi tunamjua Mwanga kwa damu. Alirithi kiti mwaka 1884, kijana asiyefika miaka 20. Mwezi wa Oktoba 1885 Askofu James Hannington wa Anglikana aliuawa kwa amri yake akiwa njiani kuja Buganda. Joseph Mukasa Balikuddembe, Mkatoliki, mkuu wa vijana wa nyumba ya mfalme na mtu wa karibu naye, alimwendea Kabaka akamwambia kwamba amekosa kumuua mtu bila kumsikiliza. Tarehe 15 Novemba 1885 naye akauawa. Angalieni jambo hili, akina mama: alikufa kwa kumtetea askofu ambaye hakuwa wa dhehebu lake. Uingereza nako, mwaka 1170, Askofu Mkuu Thomas Becket, aliyekuwa rafiki na waziri wa Mfalme Henry wa Pili, aliuawa kanisani na askari wa mfalme huyo kwa kuwa hakukubali kuinama. Mara nyingi neno la kweli humgharimu yule aliye karibu na kiti.

Kisha ikaja tarehe 3 Juni 1886, Namugongo, vijana wakachomwa moto. Mashahidi wa Uganda tunaowakumbuka kwa majina ni 45, Wakatoliki 22 na Waanglikana 23.

Lakini habari haikuishia hapo, na sehemu hii ndiyo tusiyohadithiwa sana. Septemba 1888 Mwanga alipinduliwa. Alikimbia kwa mitumbwi kuvuka ziwa kuja kusini, akafikia Magu, pale pale tulipopita jana yake tukanunua ndizi. Wafanyabiashara Waarabu waliokuwa Magu walimpokonya alichokuwa nacho, wakamweka kama mfungwa. Mfalme aliyechoma watu hakuwa na pa kwenda. Basi akapelekwa ujumbe, akatoroka, akaja Bukumbi. Alikuja kwenye mlango wa wale ambao watoto wao wa kiroho aliwachinja.

Wakamfungulia.

Nilikaa chini ya mti nikayawaza hayo. Mimi ni muuguzi. Nimewahi kumtibu mtu niliyejua amefanya nini, na mikono yangu ilikuwa mizito. Sikupata kufikiri kwamba wamisionari wale walifungua mlango kwa wepesi.

Nikawasimulia wenzangu habari ya Canossa. Januari 1077 Mfalme Henry wa Nne wa Ujerumani, aliyetengwa na Kanisa na Papa Gregory wa Saba, alivuka milima ya Alps, akasimama siku tatu kwenye theluji nje ya ngome, akiwa amevaa kama mwenye toba. Ngome ilikuwa ya mwanamke, Matilda wa Toscana, naye alikuwa miongoni mwa waliomwombea kwa Papa. Mlango ukafunguliwa. Je, toba ilikuwa ya kweli? Baadaye Henry alirudi na jeshi, na Gregory alikufa uhamishoni Salerno mwaka 1085.

Hata Mwanga hakugeuka malaika. Wakristo walimsaidia kurudi kwenye kiti kati ya 1889 na 1890. Na hapa pana aibu yetu sisi, si yake peke yake. Walipopata mfalme aliyewahitaji, Wakatoliki na Waprotestanti, watoto wa mashahidi wale wale, walianza kugombania vyeo, na Januari 1892 wakapigana kwa bunduki pale Mengo. Mateso yaliwaunganisha. Viti vya mbele vikawatenganisha.

Mwanga naye, baada ya kuasi Waingereza mwaka 1897, alikamatwa 1899 akapelekwa Shelisheli. Huko, bila kiti na bila ngoma, alibatizwa kwa jina la Danieli. Alifariki mwaka 1903.

Yule mama mjane ndiye aliyesema neno lililobaki nami. Alisema, "Mlango walimfungulia alipokuja mikono mitupu. Lakini alipokuwa na mkuki, Balikuddembe alimwambia ukweli. Sisi tunafanya kinyume. Mwenye nguvu tunamchekea, akianguka tunamfungia."

KURUDI NYUMBANI

Tulirudi Bariadi usiku, tumechoka, huku tukiimba. Kesho yake sikwenda kwenye kamati. Nilikwenda kwa yule mama. Sikumwambia la kufanya, kwa kuwa hata Ingeborg aliamua mwenyewe kukata rufaa. Nilimwuliza tu kama angependa kwenda mahali popote na mtu wa kumsindikiza. Akafikiri siku tatu. Kisha tukaenda pamoja, kwanza polisi kuchukua PF3, halafu kwa ofisa ustawi wa jamii, halafu kwa mchungaji. Alizungumza mwenyewe. Mimi nilishika mkoba wake.

Mchungaji aliinamisha kichwa muda mrefu. Alijua kuna bati 120, nami nilijua kwamba anajua. Siku ya pili alikwenda kwa bwana yule peke yake, kama Nathani alivyomwendea Daudi. Sijui walisemezana nini. Alichotuambia kamati ni kwamba kiti cha heshima hakitawekwa, si kwa mtu yule wala kwa mwingine yeyote, na akatusomea waraka wa Yakobo sura ya pili, habari za tajiri na maskini wanaoingia katika kusanyiko. Wajumbe wawili walikasirika. Mmoja aliniuliza njiani kama najua bei ya bati.

Najua bei yake. Bati hazikuja. Harambee ilipata fedha za kuezeka upande mmoja, na mvua za mwaka huo tulizipokea wote tumebanana upande wa kushoto, wazee kwa watoto, mchungaji akihubiri huku ameshika mwavuli. Mama yule alikaa kwa dada yake kwa miezi kadhaa, na shauri lake liko mahali panapostahili.

Bwana yule alikaa mbali na kanisa muda mrefu. Jumapili moja, baada ya mavuno, nilikuwa zamu ya kupokea watu mlangoni. Nikamwona amesimama ng'ambo ya barabara chini ya mwembe, hana gari, hana mtu. Alisimama mpaka wimbo wa pili. Moyo wangu uliniambia nigeuke niende zangu ndani. Kisha nikakumbuka Bukumbi.

Kwanza nilitazama ndani; mkewe hakuwapo siku ile, na nilishukuru, kwa maana usalama wake ulitangulia. Halafu nikavuka barabara, nikamwamkia kama ninavyomwamkia kila mtu, nikamwambia nafasi ipo kwenye benchi la nyuma, karibu na mlango. Hakujibu. Siku ile hakuingia. Jumapili iliyofuata alikuja, akakaa pale pale nyuma, upande usio na bati.

Sijui kama toba yake ni ya kweli. Papa Gregory naye hakujua. Kesi yake itaamuliwa na wanaohusika, na mkewe atarudi au hatarudi kwa hiari yake. Kazi yetu sisi tulio mlangoni ni mbili, na zote ni ngumu: kumwambia mwenye nguvu ukweli angali na nguvu, na kutomfungia akija bila hizo.

Wapendwa, ukipita barabara ya Lamadi kwenda Mwanza, usipite Magu na Nassa kama mahali pa kununulia samaki na ndizi tu. Shuka kidogo, litazame ziwa. Kisha urudi kwenu ukatazame vile viti vya mbele, na mlango, na yule anayesimama nje. Mungu awabariki.